Hema la Aizada

…na si kwamba sina furaha, Mama Damira mpendwa wa safu ya ushauri, kwani tangu nifungwe kitambaa cheupe cha bibi harusi hapa Naryn naamka nikitabasamu, na Ulan akiingia na baridi kwenye koti lake moyo unanidunda kama siku ya kwanza, ila nisaidie kwa ajili ya binti yake Aizada, wa miaka sita, aliyefiwa na mama majira ya baridi ya mwaka juzi, akafichwa kwa jirani siku za msiba na kuambiwa mama kaenda kazini Moscow kama mama wengine, na tangu hapo hasemi, ndipo nikambembeleza Ulan tumpeleke kwa mwalimu anayetibu watoto kwa michezo, na wiki nyingi alimwaga mchanga tu, mpaka juzi alipojenga hema la kitambaa, akamlaza mwanasesere ndani, akawaketisha wengine wakiutazama ukuta wa hema, kama wanawake wetu wanavyomlilia maiti katika hema la msiba, naye akaomboleza kwa sauti, na mwalimu akasema tu, “Wanalia sana,” mtoto akajibu, “Wanamlilia mama.”

Mama mkwe, aliyekuwa mlangoni, akamnyakua. “Hii ni tiba au uchuro? Harudi tena hapa.” Nyumbani nilipojaribu kumtetea mtoto akaniambia, “Wewe umekuja jana. Mimina chai.” Nikamimina. Ulan akainywa, na mtoto kanyamaza tena. Nifanyeje?
Bermet

Bermet, hongera kwa ndoa, sasa nisikilize.

Hakuna aliyemfundisha mtoto kifo. Kwa jirani ni ng'ambo ya ua tu: hema la msiba aliliona, vilio alivisikia. Mlimnyima nafasi hemani, akajijengea lake. Mtoto asiye na maneno husema kwa mchezo, nanyi mmemziba mdomo mara ya pili.

Kwetu habari ya msiba hutolewa na wakubwa, kwa hiyo usijitwishe kazi hiyo. Mwambie Ulan, “Nipende, lakini kwanza mwambie mwanao ukweli.” Amwambie yeye pamoja na mama mkwe wako, wakimshika mtoto mkono. Kisha Aizada arudi kwenye michezo. Nawe usiharakishe kuitwa mama. Akikualika mchezoni, kaa anapokuweka.

Mama mkwe usimnunie. Naye alimzika mkwe aliyempenda, na sidhani amemaliza kulia. Mwambie kabla mwezi huu haujaisha nitafika Naryn, kumpa mkono wa pole, yeye na mjukuu wake.