Enoch Hakufika Amerika

Sheffield, 9 Machi 1994

Mdogo wangu Clifford,

Hatujambo. Mvua haikatiki, na paka wako kazi yake kunenepa tu.

Unaikumbuka hadithi ya babu yetu wa zamani, Enoch, fundi visu aliyekwenda Amerika asirudi? Basi, maktaba wana vile vitabu vya zamani vya mafundi wa mji: jina, kazi, mtaa. Enoch Staniforth yumo, 1876, 1879, 1883, mitaa miwili tu kutoka kwa mkewe, aliyekuwa akivaa nguo nyeusi za ujane! Watoto aliweza kuwakimbia, lakini fundi akijificha, wateja watampata wapi?

Nikamweleza Mama pale kitandani. Akacheka mpaka akakohoa. “Muongo mkubwa huyo! Afadhali Clifford wangu, yeye Kanada amefika kweli.”

Nikamnywesha maji, nisimwambie nijualo. Mwezi mmoja kabla, nilikuwa nimeliona gari limeegeshwa Walkley, hapa hapa mjini kwetu, limeandikwa ubavuni: Clifford Staniforth, Fundi Bomba.

Mama tulimzika Jumatano iliyopita. Alikataza tusikusumbue, eti nauli ya ndege ni ghali.

Usitafute stempu kwenye bahasha hii. Nimeileta kwa miguu.

Dada yako,
Hilary