Kitabu Kilichofungiwa Kabatini

3 Machi

Shemeji,

Salamu nyingi, na pole kama kiuno bado kinakusumbua. Mimi mzima.

Vitabu vyote vikubwa vya dunia hii nimevisoma. Haya, uongo. Nimesoma kimoja, tena sijakimaliza, maana umekibeba wewe. Ulikuja kunyolewa, ukakiona kwenye benchi, ukasema unakiazima siku mbili. Leo nasikia kimefungiwa kwenye kabati la vioo hapo shuleni kwako, na kibandiko juu: "Kitabu cha Kudumu. Usiguse." Kitadumuje kisiposhikwa? Hapa kwangu mteja mmoja alikuwa anasoma kwa sauti, wenzake wakingoja kiti. Tulifika pale mjane anaporudi kudai nyumba yake. Kirudishe, mwizi wee.

Shemeji yako, Kinyozi


11 Machi

Shemeji,

Sijambo, na dada yako hajambo. Kiuno changu hakikuhusu.

Kitabu hicho wataalamu wamekisifu tangu hatujazaliwa. Lugha yake safi, mafunzo yake hayazeeki; ndiyo maana kinaitwa cha kudumu. Wewe umekijaza nywele, na sura ya tatu ina povu la ndevu. Mtu aliyeishia darasa la nne hanifundishi mimi fasihi. Hakirudi. Na neno mwizi ulimeze.

Shemeji yako, Mwalimu Mkuu


29 Juni

Shemeji,

Hujambo? Dada anasema umenuna mpaka chakula unakisukuma. Kula, hasira haishibishi.

Sikunyamaza kwa woga. Nilikuwa naamua ugomvi. Kitabu hakipo, ila hadithi imegoma kuondoka. Fundi viatu anaapa mjane alipata nyumba yake. Dereva anasema, "Thubutu, aliichoma moto." Juzi walikunjana mashati, na dereva akaondoka na kichwa nimekinyoa nusu. Hata watu wasiowahi kukitia machoni wana upande wao. Huko ndiko kudumu, bwana mkubwa. Hicho chako ni maiti iliyovalishwa vizuri. Na wewe hukukisoma: kati ya sura zote umeijua ya tatu tu, tena kwa povu.

Baki nacho. Lakini asubuhi ya harusi yako nilikuwa nakunyoa, ukaniuliza kama mlango wa nyuma uko wazi. Dada yangu sijamwambia mpaka leo. Kwa hilo nakudai hisani ndogo: fungua kabati, soma ukurasa wa mwisho, uniandikie neno moja tu. Alipata, au alichoma?

Shemeji yako, Kinyozi