Udi wa Kila Magharibi
Jumatatu, Mfungo Saba

Na leo tena. Hedhi ilinikoma zamani, sasa damu imerudi, imechanganyika na majimaji yenye harufu. Wifi yangu ameona vitambaa nilivyoanika, akacheka: "Wifi, ujana umekurudia!" Nilitamani kumrushia kata ya maji. Nimechoka.

Asubuhi mkunga alinipima kwa kidole. Akasema mlango wa kizazi umekuwa mgumu, na ukiguswa unatoka damu. Nikamuuliza dawa yake. Akanawa mikono polepole, akaniuliza wanangu walioko Saadani watakuja lini.

Mume wangu hajui. Kila magharibi najifukiza udi ili asisikie harufu. Leo ameketi karibu yangu, akavuta pumzi. "Mwenzangu, siku hizi wanukia kama bibi arusi."

Nikamshukuru, nikaenda kuongeza udi.