Ng'ombe wa Diski ya Pili

Jumatatu, 14 Julai

Nimemfuta Bibi vumbi tena. Brashi ya rangi, ileile ya kila asubuhi. Bibi ni seva yetu, kompyuta kubwa kuukuu, nzito kama ndama. Wazungu wa mradi wa mifugo waliileta ofisini Bunda, wakaondoka. Nusu ya wafanyakazi wamepunguzwa. Bibi kabaki, na mimi. Shule niliachia kidato cha pili, lakini wilaya nzima hakuna anayethubutu kumvua Bibi kifuniko isipokuwa mimi. Wenye diploma wanamwogopaga.

Leo kadi zimefika kutoka Mwanza. Mitumba, zimefungwa kwa gazeti. Moja ya mtandao, ili Rebeka, karani wetu, asome daftari la chapa mezani kwake, aache kunisukuma kitini. Nyingine ya kuendesha diski ya pili, maana kadi ya zamani iliungua. Diski ya kwanza ina chapa za ng'ombe na wenye nazo. Ya pili ina ng'ombe waliowekeshwa. Huku mtu mwenye akili haweki ng'ombe wote zizi moja. Wengine anawapeleka kwa rafiki kijiji cha mbali, kimyakimya, wezi wakija wasimmalize. Watu walikubali kuandikwa kwa sharti moja: orodha hiyo ikae peke yake, isibandikwe ukutani.

Jumanne, 15 Julai

Kazi imepigwa. Nimechomoa waya, nimeshika bati kwanza ili umeme wa mwilini usiue kadi. Hilo nilifundishwa Mwanza na fundi redio, kwa kofi. Nimekandamiza kadi mpaka meno yake yakazama yote. Skrubu moja ikapotelea ndani. Nimemtikisa Bibi mpaka kaitapika.

Nimewasha. Mtandao umekubali! Rebeka kapiga kigelegele. "Mura, wewe si mtu, ni jini!" Huku kijana wa kiume ndivyo anavyoitwa, mura.

Diski ya pili haionekani. Najua sababu. Kadi zote mbili zimepangwa namba moja, zinagombania mlango mmoja. Moja imepita, nyingine imefungiwa nje. Dawa ni kuhamisha kipini kidogo kwenye kadi, kama punje ya mtama. Ila inabidi kufungua upya, na Rebeka alikuwa bado anashangilia.

Bwana Masatu, mkuu wa ofisi, akauliza, "Zote mbili zinafanya kazi?"

"Zote, mkuu."

Kesho nitahamisha.

Jumatano, 16 Julai

Sikuhamisha.

Asubuhi lori la sungusungu, walinzi wa vijiji, limeingia kutoka upande wa Butiama, limejaa watu wenye mikuki. Alfajiri wezi wamemuua Mzee Wandiba mlangoni pa zizi lake. Mapanga. Mwanawe wamemkata mkono. Ng'ombe wote wamekwenda. Nyayo zimepotelea barabarani. Basi wakapekua mazizi njia nzima, na kwa Mzee Machumu, hapahapa nje ya Bunda, wakakuta ng'ombe sita wenye chapa isiyo yake. Wamemleta kafungwa kamba.

Kamanda wao, Bwire, kaingia na kipande cha gunia kilichochorwa chapa kwa mkaa. "Haya, wenye mashine. Ya nani hii?"

Ofisi imejaa. Wote wananitazama mimi. Nikavuta kiti. Nikaliza vidole kwanza, kwa madaha. Nikachapa.

"Wandiba," nikasema. "Mashine haidanganyagi."

Wakanguruma. Bwana Masatu akaniinamia sikioni: "Angalia waliowekeshwa."

Nikachapa. Skrini ikasema hakuna diski. Watu wananikodolea macho. Nikasema, "Machumu hayumo."

Sikuona orodha yoyote. Nilisema hayumo.

Walimpiga uwanja wa mnada. Rungu la kwanza la goti. Nilisikia mfupa. Machumu ni rika la babu yangu. Alikuwa analia, "Ni za Wandiba, kweli! Aliniwekesha! Kamuulizeni Wandiba!"

Walicheka. "Kamuulize mwenyewe, unaenda sasa hivi."

Vidole wakavivunja kwa mpini wa jembe. Jiwe likampata jicho, jicho likapasuka kama yai. Kisha Bwire akaagiza tairi. Nikaona linaviringishwa kutoka gereji, kijana anayelisukuma anapiga mluzi.

Nikakimbia. Ofisi tupu, wote wako uwanjani. Nikang'oa waya wa Bibi ukutani. Kifuniko kikanichana kidole, damu ikamwagikia kadi. Kipini kikaanguka. Nikakiokota kwa ncha ya kidole chenye damu, nikakihamisha. Nikawasha. Bibi akaanza kuhesabu kumbukumbu zake, polepole, kama kikongwe anayepanda ngazi. Sijawahi kuchukia kitu hivyo. Nilimpiga teke.

Diski ya pili ikaunguruma. Machumu: ng'ombe sita wa Wandiba. Printa ikapiga kelele mstari kwa mstari. Nikanyofoa karatasi kabla haijamaliza.

Tairi lilikuwa tayari shingoni. Petroli imemwagwa. Nikapenya kwa kichwa na viwiko, mmoja nimemng'ata. Rungu likanipata mgongoni, nikaanguka juu ya mzee. Nikainua karatasi. "Waliwekeshwa! Someni!"

Bwire akasoma. Akarudia. Kiberiti kimo mkononi. Akaniuliza, "Asubuhi si ulisema hayumo?"

"Mashine ilikuwa mbovu, kamanda."

Hivyo ndivyo nilivyojibu. Nikiwa nanuka petroli ya mzee wa watu.

Waliangusha marungu, wakaondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyemwinua. Tumembeba na Bwana Masatu kwenye gari la ofisi.

Alhamisi, 17 Julai

Wananiita shujaa. Rebeka kaniletea sato wa kukaanga. Nimemrudishia sahani. Mgongo umevimba.

Bwana Masatu kafungua kifuniko cha Bibi mwenyewe. Kaiona damu kwenye kadi, na kipini kilikohamia. Kafunga.

Ijumaa, 18 Julai

Nimekwenda Musoma hospitali. Machumu goti limefungwa, vidole vimefungwa, jicho wameliondoa.

"Wewe ndiye uliyeleta karatasi? Mungu akuongezee, mura."

Nikamwambia. Yote. Kipini, kigelegele cha Rebeka, hayumo. Nilitamani anitukane, mimi matusi nayawezaga.

Akauliza, "Ng'ombe wamekunywa maji?"

Sikujua.

"Sasa ni wa watoto wa Wandiba. Warudi kwao. Wanangu wanaogopa kuonekana nao barabarani." Akageukia ukuta.

Nikasema nitawapeleka mimi.

Jumamosi, 19 Julai

Nimewatoa zizini kumekucha. Sita, mmoja ana mimba, anatembea kama bosi. Niko peke yangu. Karatasi nimeiacha ofisini kwa makusudi, nijieleze kwa mdomo wangu. Naogopa, siandiki uongo hapa.

Kila kijiji wanaume wamesimama na marungu. "Ng'ombe wa nani hao?"

"Wa marehemu Wandiba. Mzee Machumu alikuwa anamtunzia. Mimi ndiye niliyesema hayumo. Nilidanganya."

Wa kwanza alinichapa fimbo ya uso. Kwingine mmoja kanitemea mate, mwenzake kanipiga mtama, nikala vumbi. Nikaamka, nikasema tena, maana wengine walikuwa wamechelewa kufika, hawajasikia. Kiabakari mama mmoja katoa ndoo ya maji. Kawanywesha ng'ombe. Kisha mimi.

Jumapili, 20 Julai

Nimefika. Watu wa msiba bado wamekaa uani. Yule kijana aliyekatwa mkono kafungua zizi kwa mkono uliobaki. Ng'ombe wakaingia.

Mjane aliwapitia mmoja mmoja, anawashika pembe. Nikasema maneno yangu yote, nimesimama. Hakuna aliyenigusa.

Mjane akauliza, "Machumu anaona?"

"Jicho moja, mama."

Akaniambia nikae. Akachukua kibuyu, akaenda kukamua.