Mume Wangu na Mwanamke Wana Kidudu Kimoja

Mshauri wangu mpendwa, naomba unishike mkono kabla sijafanya la aibu, maana donge limenikaa rohoni na nguo za mume wangu nimeshazifunga kwenye masanduku, na kesho anatoka hospitali.

Aliugua tumbo, akaharisha mpaka akatundikiwa dripu, nikamuuguza kwa moyo mmoja na mashuka nikafua kwa mikono yangu, basi juzi akaja afisa wa afya hapa nyumbani, kijana mpole, akaniambia kwamba maabara wamepata bakteria kwenye choo cha mume wangu na wamesoma vinasaba vyake herufi kwa herufi, jamani, kidudu kisichoonekana kwa macho kumbe kina ukoo na kinaweza kuulizwa mama yako nani! Akasema vinasaba hivyo ni kama alama za vidole, na vya kidudu cha mume wangu vinalingana, pacha kwa pacha, na vya bakteria aliyepatikana kwa mwanamke mmoja anayekaa ng'ambo ya reli, na kwa kuku mbichi waliyemkuta kwenye friji lake. Mshauri, mwanamke! Na kuku yuko kwake! Akaendelea kutaja sijui mtoto wa shule, sijui mzee fulani, mimi masikio yalishaziba, na aliponiuliza kuku wetu tunanunua wapi nikamwambia kamuulize huyo mwanamke, nikambamizia mlango.

Mume anaapa hamjui, amelia mbele ya wagonjwa wenzake. Na usiniambie ni kuku wangu, kwa sababu Jumamosi ile kabla hajaugua nilimwosha kwenye sinki, nikamkatakata, nikamchemsha mpaka nyama ikaachia mfupa, tukala sote, na mimi na watoto hatukuumwa hata ukucha, na ubao niliusuuza kwa maji kabla ya kukatia nyanya za saladi ya mume wangu, ambayo mimi sili na watoto hawaigusi. Sasa kama hana nyumba ndogo, alikula wapi? Nimtimue au nivumilie?

Mke Mwenye Donge

*

Mwanangu, pole. Kuuguza si mchezo, na wivu juu ya uchovu humtoa mtu akili. Lakini loo! Umeletewa maajabu mpaka mlangoni, ukayabamizia mlango.

Nilimpigia daktari ninayemwamini, nikamsomea barua yako. Akanieleza kuwa bakteria akijigawa anazaa wanaofanana naye karibu herufi zote, na hata watawanyike toka machinjioni kwenda madukani na majikoni, kila mmoja anabeba chapa ya ukoo wake. Watu ambao hawajawahi hata kusalimiana, mtu amekaa maabara na kuwaambia: ninyi mmeguswa na kuku wa asili moja. Nilikata simu, na chai ikapoa mbele yangu. Bado nashangaa ninapoandika.

Kwa hiyo huyo si mke mwenzako, ni mteja mwenzako.

Sasa rudia barua yako mwenyewe. Moto uliua bakteria kwenye nyama, ndiyo maana wewe na watoto hamkuumwa. Maji ya kuku mbichi yalibaki kwenye ubao, na saladi haipiti motoni. Nani aliila? Kikulacho ki nguoni mwako, mama. Siapi, mimi si maabara, lakini kosa la yule mwanamke silioni, labda kupenda kuku.

Fungua masanduku leo. Kesho uwe wa kwanza wodini, umwombe mumeo msamaha bila "lakini" yoyote. Kuku usimwoshe tena kwenye sinki, matone yake yanaruka kila mahali. Saladi itafutie ubao wake, wa nyama uuoshe kwa sabuni na maji ya moto, na mikono vilevile.

Ila kabla ya hayo yote, mtafute yule afisa. Hakuja kukuvunjia ndoa. Duka analonunulia kuku yule mwanamke analijua, lako halijui. Kama ni lile lile, atajua pa kuanzia. Kama ni jingine, basi uchafu unatoka machinjioni, na unauzwa mtaa kwa mtaa. Maabara imesoma kila herufi ya kidudu kile, lakini jina la duka lako haikuliona humo. Unalo wewe peke yako. Mpigie sasa hivi, mwanangu, maana wauza kuku wote wameshafungua na watu wananunua.