Mkamwana Hatazamwi

Ndandalo, Kyela
2 Februari 1993

Mwanangu Lusungu,

Ugonile? Mimi sijambo, isipokuwa vidole vya mkono wa kulia, ambavyo tangu mwaka jana havikunjiki. Mvua inanyesha vizuri na mpunga umesimama. Natumaini wewe na mwenzako mnalivumilia joto la huko.

Barua yako ya Januari 11 nimeipata. Unataka nifunge nyumba nije Dar es Salaam, kwa kuwa mama yako hayupo na mzee hawezi kuishi kwa ndizi za kuchoma. Ni kweli nakula ndizi za kuchoma. Nimetazama daftari langu: tangu tulipomzika mama yako pale migombani, Agosti 19, nimepika wali mara nne, na mara tatu umeungua. Lakini nikifunga nyumba, kaburi litafagiwa na nani? Tumekaa humu miaka thelathini na minane. Usinitoe.

Baba yako

*

Dar es Salaam
20 Februari 1993

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari ya mpunga imenifurahisha, ya vidole imenihuzunisha. Sisi ni wazima. Kiwanda chetu kimepata mnunuzi, na sisi tuliobakizwa hatuthubutu kuomba ruhusa hata ya siku moja. Ndiyo maana siji mwenyewe.

Nimezungumza na Tusekile, amekubali kuja kukutunza. Ataondoka na treni ya Machi 5, apumzike Mbeya kwa dada yake, kisha ashuke Kyela. Siku ya msiba alikaa nyuma na wanawake, kwa hiyo bado hujamwona, na hutamwona. Amelelewa vizuri, anajua kwamba kwetu baba mkwe na mkamwana hawaonani. Atalala kwenye nyumba ya jikoni, na chakula atakuwekea kizingitini. Wewe kohoa tu kabla ya kutoka, apate kujificha.

Baba, hili lisipowezekana nitakuja kukuchukua, hata wakinifukuza kazi.

Mwanao, Lusungu

*

Ndandalo, Kyela
28 Machi 1993

Mwanangu Lusungu,

Ugonile? Mimi ni mzima kuliko nilivyokuwa nilipokuandikia mara ya mwisho. Ndaga fijo, nakushukuru sana, mwanangu. Mke wako umempata.

Sikumsikia akifika. Machi 8 asubuhi niliamka nikakuta uwanja umefagiwa, chungu cha Ikombe kimejaa maji, na kizingitini sahani ya ndizi za mbalaga imefunikwa kwa lile bakuli lenye ufa. Nikaandika kwenye daftari: "Mkamwana amefika." Tangu siku hiyo sijakosa mlo. Machi 10, wali na dagaa wa usipa. Machi 14, ukoko, umewekwa peke yake kwenye kisahani, kama ninavyoupenda. Kikombe cha chai anakiweka shikio likielekea kushoto, kwa ajili ya vidole vyangu. Naona ulimweleza kila kitu.

Anafagia akirudi kinyumenyume kuelekea migombani, hata haachi unyayo kwenye tope. Mama yako alifagia hivyo hivyo. Nilizoea kumtania kwamba anafagia kama mwizi anayefuta nyayo, naye akinijibu kwamba mwizi angechagua nyumba yenye kitu. Kumbe ni ufundi wa wengi.

Jana Hezroni, jirani yetu, alisimama uani akasikia mchi ukitwanga jikoni. Akanitazama tumbo, akaniuliza sioni aibu mzee mzima kunenepa wakati wa masika. Nikamwambia aibu ni ya mwenye kukonda. Sikuwa nimecheka tangu Agosti.

Baba yako

*

Dar es Salaam
19 Aprili 1993

Baba mpendwa,

Shikamoo. U mzima kweli? Tafadhali nijibu upesi.

Barua yako imefika leo pamoja na ya Tusekile. Ya kwake imetumwa kutoka Mbeya. Alipofika kwa dada yake alishikwa na homa kali, akalazwa wiki tatu, na mpaka alipoandika alikuwa bado hawezi kutembea. Baba, Tusekile hajafika kwako.

Sijui ni nani yuko jikoni. Habari ya kikombe sikumweleza mtu, maana mimi mwenyewe sikuijua. Labda ni mama fulani wa kanisani anayekusaidia kimyakimya, nawe kwa heshima yako hujamtazama. Nakuomba siku moja tu usikohoe. Toka ghafla, umwone. Na kama huwezi, fungasha vitu, nije nikuchukue.

Mwanao, Lusungu

*

Ndandalo, Kyela
10 Mei 1993

Mwanangu Lusungu,

Ugonile? Mimi ni mzima. Barua hii itachelewa. Tangu Aprili 27 maji yametuzunguka, barabara ya Ikolo haipitiki, na mimi na Hezroni tunaitana kwa sauti kila mmoja akiwa kwake. Watu wa kanisani hawajafika siku kumi na nne sasa. Chakula kinafika.

Nilifanya ulivyosema. Mei 3, saa moja asubuhi, kukiwa kweupe, nilisikia mchi. Nikavua viatu, nikaenda mpaka mlango wa nyuma. Ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Niliona ukingo wa kinu na pindo la kitenge cha kijani. Ningesogeza kichwa upana wa kiganja, ningeona yote.

Nikakohoa.

Mchi ukanyamaza. Nikarudi kukaa kwenye kiti changu, na baada ya muda mchi ukaendelea.

Sikukohoa kwa kusahau. Mkamwana akitazamwa na mkwewe huondoka nyumbani kwa aibu, ndivyo tulivyofundishwa. Ujana wangu wote niliiona desturi hii kuwa ni usumbufu kwa wazee. Sikujua kwamba ingekuja kunifaa. Nimekaa miezi saba katika nyumba isiyo na moshi, Lusungu, nawe hujui inavyokuwa. Usinitoe, na usiniambie tena nitazame.

Baba yako

*

Dar es Salaam
14 Juni 1993

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini maji yamepungua na vidole vimepata nafuu.

Unajua kwamba Tusekile alipona na kwamba alifika huko Mei 24, maana mke wa Hezroni ndiye aliyempokea. Nilipopata habari hiyo nililala usingizi mzuri. Nikajiambia, yaliyopita yamepita, sasa yuko mtu.

Leo nimepata barua yake. Nanakili maneno yake kama yalivyo:

"Mume wangu, mwombe baba aache, naona aibu. Kila nikiamka nakuta moto umewashwa, chungu kimejaa maji, na kwenye kizingiti cha jikoni kuna sahani mbili zimefunikwa, yake na yangu. Najua ni yeye, kwa kuwa hakuna mwingine. Sijamwona. Nikisikia mchi najifunika uso na kukaa ndani mpaka unyamaze, kama nilivyofundishwa. Nimejaribu kudamka mapema zaidi, ananiwahi. Tangu lini mkwe akampikia mkamwana? Na juzi kando ya sahani yangu alikuwa ameweka udongo wa kula, ule wa wajawazito. Habari hiyo sijamwambia mtu. Hata wewe ndiyo kwanza nakuambia."

Baba, nitapata mtoto, nami sijui hata nifurahi vipi. Wewe huwezi kushika mchi. Tusekile anasubiri majibu yangu. Nimwambie nini?

Mwanao, Lusungu

*

Ndandalo, Kyela
1 Julai 1993

Mwanangu Lusungu,

Ugonile? Mimi ni mzima. Mpunga tumevuna. Habari ya mtoto nimeiandika kwenye daftari, na nimekwenda kuisema migombani.

Mwambie Tusekile ale kingali cha moto. Na kabla ya kuingia jikoni, akohoe.

Baba yako