Ombi la Mguu wa Amiri

Jumamosi, 7 Novemba 2015
Ukungu asubuhi, barafu nyembamba kwenye kioo cha gari. Nimefika Hilliard, kitongoji cha Columbus, nyumbani kwa Mzee, saa moja kasoro dakika kumi. Sukari ya Mzee iko juu. Chai bila sukari, mkate nusu. Nimeosha mguu wa kushoto na kubadilisha bandeji. Vidole viwili vyeusi. Harufu imezidi tangu juzi.

Mzee ni mtoto wa mfalme. Mwezi wa tano sasa namhudumia na bado naona ajabu kuandika hivyo. Huko kwao Arabuni alikuwa mkuu wa mkoa wa jangwani miaka kumi na tisa. Wenyewe humwita amiri. Kiswahili alifundishwa na yaya wake, mwanamke wa pwani, ndiyo maana ofisi yetu ya wauguzi wa nyumbani ilinichagua mimi. Anaongea kama mtoto wa Unguja mwenye ndevu nyeupe.

Jumapili, 8 Novemba
Baridi, jua. Sikwenda kanisani, nina zamu.

Salim, mwanawe, amenieleza maneno ya daktari. Mguu ukatwe chini ya goti, isipite Ijumaa hii. Ikipita, sumu itaingia kwenye damu na atakufa. Mzee amekataa. Anasema ataingia kaburini na miguu yote miwili. Binti zake wamepiga simu mmoja baada ya mwingine. Jibu lile lile: mtoto hamwamrishi baba. Salim amelia jikoni.

Mimi siruhusiwi kuingilia. Ofisi ilitusainisha karatasi: muuguzi wa nyumbani hatoi ushauri wa matibabu.

Mchana Mzee alinisimulia baraza lake. Kila Jumatatu na Alhamisi mlango wazi. Mchunga ngamia alimwita kwa jina tupu. Kila barua ya shida aliipokea kwa mkono wake mwenyewe. Jibu lilitoka baraza lililofuata, si siku ile ile, asije akaamua kwa hasira au kwa huruma. Kisha kaka yake mfalme akamweka mtu mwingine mahali pake. Tangu hapo hakuna aliyemletea barua.
"Hata wewe, Bi Dafroza, huna shida?"
Nikasema sina. Nimejuta.

Jumatatu, 9 Novemba
Mvua nyepesi. Nimeamka mapema kuandika.

Kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania niliwaandikia majirani barua kwa mkuu wa kambi, kwa kuwa nilifika kidato cha nne. Mtindo naujua. YAH: OMBI LA KUKATWA MGUU WA KUSHOTO. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Barua zile hazikujibiwa hata moja.

Nilifunga kitenge juu ya sare, nikasimama mbele ya kiti chake, nikampa kwa mikono miwili. Hasomi herufi zetu, nikamsomea. Alicheka sana pale pa "husika". Kisha akaacha kucheka.
"Mguu wangu. Wewe unadai nini?"
"Mimi ndiye ninayeuosha, Mzee. Wewe huusikii wala huunusi. Mimi naunusa kila siku."
"Una ulimi, wewe."
"Mwenye shida asiye na ulimi angefikaje kwako?"
Akaikunja barua, akaitia mfukoni.
"Alhamisi."

Siku moja tu kabla ya Ijumaa ya daktari. Nimekasirika njia nzima mpaka nyumbani.

Jumanne, 10 Novemba
Mawingu. Homa kidogo. Hajataja barua. Dada yangu wa Louisville anasema nitafukuzwa, nirudi kufunga maboksi kama nilivyofanya Buffalo. Huenda yuko sahihi.

Jumatano, 11 Novemba
Mvua. Homa imepanda. Kidole cha tatu kimeanza.

Salim ameikuta barua mfukoni wakati wa kumbadilisha baba yake nguo. Nikamwambia ni nini. Akauliza nani ameniruhusu. Hakuna. Alishika simu, nikajua anaipigia ofisi. Kisha akauliza, "Aliipokea kwa mkono wake?" Nikasema ndiyo. Akaiweka simu mezani. Anasema baba yake aliwahi kumkatia waziri simu, lakini barua ya mkononi hakuitupa kamwe.
"Basi tungoje," alisema.

Naogopa. Nampenda huyu mzee, niseme ukweli.

Alhamisi, 12 Novemba
Upepo mkali, majani yote chini.

Mzee alitaka kanzu safi na joho jeusi. Chai alikataa. Alikaa kitini akitetemeka kwa homa. Akaniita kama mgeni: Dafroza binti Yohani. Nikasimama.

Alisema kwa miaka kumi na tisa aliwapa watu hukumu walizozichukia, wakaondoka kwa heshima. Leo ni yeye.
"Ombi limekubaliwa. Ila mguu uzikwe, usitupwe."
Salim akaahidi. Akaleta karatasi ya hospitali. Saini ilikwenda upande. Saa saba mchana tulikuwa Columbus, wodini.

Ijumaa, 13 Novemba
Baridi, mawingu mazito. Wamemwingiza chumba cha upasuaji saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa nne daktari alitoka, akasema imekwenda salama. Salim ameanza kufuatilia karatasi za kuuzika mguu.

Kabla ya saa sita Mzee alifumbua macho. Aliangalia mlango muda mrefu.
"Nani anafuata?"
"Hakuna, Mzee. Watu wa baraza wamekwisha."
Akafumba macho. Nilikaa mpaka pumzi yake ikatulia.

Niko nyumbani. Sijala. Saa tisa kasoro robo alasiri. Nalala.